Tumbawe la Malindi Lilivyotunza Historia ya Udongo

Ukifika Malindi wakati wa mvua utaona bahari imekuwa ya kahawia. Hilo ni tope la Mto Sabaki, udongo uliosombwa kutoka mashamba ya bara. Sasa, kumbukumbu zake nani anaziweka? Tumbawe! Hukua tabaka kwa tabaka, na kila tabaka hubaki na bariamu, elementi inayokuja na tope.

Wanasayansi walipima tumbawe moja la miaka 300 hivi. Kuanzia 1700 hadi 1900 bariamu ilikuwa kidogo tu. Halafu ikaanza kupanda, zama zilezile walowezi wa Kizungu walipotwaa nyanda za juu na wenyeji wakabanwa kwenye maeneo finyu. Kwa hiyo ukiona maji mekundu yanatoka shambani Machakos, ujue hayapotei: rutuba inaondoka, na huko baharini tope linayanyima matumbawe mwanga.