Mbuga ya Wembere Chini ya Mlima Sekenke

Mtu akisikia neno mbuga, siku hizi hufikiria wanyama wanaolindwa na watalii. Kwa wakulima na wafugaji wa Iramba na Usukuma, mbuga ni bonde tambarare la udongo mweusi, ambalo hufurika masika na kupasuka nyufa kiangazi. Wembere ni mbuga ya namna hiyo. Inaanzia upande wa Shelui, pale barabara ya Singida kwenda Nzega inapomaliza kuteremka mlima Sekenke, kwenye kingo za Bonde la Ufa. Maji ya mito Wembere na Manonga huingia Ziwa Kitangiri, kisha hutoka kwa mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi, ambako hayana njia ya kufika baharini.

Wanyiramba waliishi na kulima zaidi katika nyanda za juu. Bondeni walipita wafugaji wa Kitaturu, na kaskazini-mashariki, kuelekea Eyasi, Wahadzabe waliwinda na kurina asali. Mwaka 1875 msafara wa Henry Morton Stanley ulipita Iramba ukitoka Bagamoyo, ukafika Kagehyi, kando ya Ziwa Victoria, tarehe 27 Februari.

Wakoloni wa Kijerumani walivutiwa kwanza na dhahabu. Mgodi wa Sekenke ulianza kazi mwaka 1909. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipowakatia njia ya kupata fedha kutoka Ujerumani, dhahabu yake ilitumika kugonga sarafu za rupia 15 katika karakana ya reli mjini Tabora, mwaka 1916. Sarafu hiyo ina picha ya tembo mbele ya mlima. Kabla ya vita walikuwa pia na mpango wa kuleta maji ya Ziwa Victoria kwa mfereji ili Wembere ilimwe pamba. Waingereza nao waliuchunguza mpango huo baadaye, lakini mfereji haukuchimbwa.

Bonde lililobaki bila pamba likajulikana kwa nzige. Nyasi za mabonde yanayofurika na kukauka huwafaa nzige wekundu kuzaliana, na Wembere ikahesabiwa pamoja na Rukwa na Malagarasi miongoni mwa mazalia yao nchini Tanzania. Baada ya baa lililoanza mwaka 1930 na kudumu hadi miaka ya 1940, shirika la kimataifa la kuwadhibiti liliundwa mwaka 1949, na mabonde haya yakawa ya kukaguliwa.

Hifadhi ilikuja kwa sheria. Sehemu ya bonde ni Pori Tengefu la Wembere. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1974 ilidhibiti uwindaji katika mapori tengefu bila kuzuia makazi, kilimo wala malisho. Sheria ya mwaka 2009 ilikataza kulima na kuchunga humo, na hapo ndipo mvutano kati ya wafugaji, wakulima na wahifadhi ulipopata uzito.

Kwa anayekuja kutazama, majira ndiyo huamua. Masika mwari, yangeyange, mnandi na korongo hufuata maji, lakini udongo hunasa miguu na magari. Kuanzia Juni hadi Oktoba ardhi hukauka, mtu hutembea kwa urahisi, na ndege wa maji hukusanyika kwenye mabwawa yaliyosalia na Ziwa Kitangiri.