Hatua Zilizookolewa na Karatasi

Katika shule ya Spurgeons Academy, mtaani Kibera, Nairobi, madawati yalikuwa yakitolewa nje kwanza ndipo darasa la bale lianze. Hakukuwa na kioo ukutani wala mti wa kushikilia, na watoto wengi walicheza peku. Mwalimu Mike Wamaya alifundisha hapo kupitia shirika la Anno's Africa, na baadhi ya watoto wa mtaa huo wamepanda jukwaa la Kenya National Theatre katika The Nutcracker ya Dance Centre Kenya.

Dansi hiyo ilichezwa mara ya kwanza Saint Petersburg, Desemba 1892. Mwaka huohuo Vladimir Stepanov, mchezaji wa bale wa mji huo, alichapisha mjini Paris mfumo wake wa kuandika miondoko ya mwili kwa alama zilizofanana na noti za muziki. Alifariki 1896, kabla ya kutimiza miaka 30, lakini wenzake waliendelea kuandika. Baada ya mapinduzi ya 1917, Nikolai Sergeyev, mmoja wao, aliondoka Urusi na makasha ya maandishi hayo. Mwaka 1934, jijini London, aliyatumia kuzirudisha jukwaani bale za Giselle, Swan Lake na The Nutcracker kwa kundi la Vic-Wells, ambalo leo ni Royal Ballet. Makaratasi yenyewe yako Chuo Kikuu cha Harvard tangu 1969.

Miaka ya 1950 Joan Benesh, mchezaji wa bale, na mumewe Rudolf walibuni mfumo mwepesi zaidi. Ni mistari mitano: wa juu ni utosi, kisha mabega, kiuno, magoti, na wa chini ni sakafu. Mwandishi humtazama mchezaji kwa nyuma na kuweka alama pale mikono na miguu ilipofika. Video haitoshi kwa kazi hii, kwani hunasa onyesho la siku moja, pamoja na makosa yake, na waliosimama nyuma hawaonekani.

Nayaeleza haya kwa sababu mitaa yetu ina dansi zake. Kibera ilianza kama makazi ya askari Wanubi wa King's African Rifles, na doluka yao huchezwa harusini hadi leo. Katika mtaa wa Kawangware wanaishi Waluhya wengi, na kwao Kakamega, Waisukha na Waidakho wana Isukuti, yenye ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swara. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka Isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, maana wengi wa wanaoijua ni wazee na warithi ni wachache. Kituo cha Bomas of Kenya kimeonyesha ngoma zetu tangu miaka ya 1970. Hiyo ni heshima kubwa, ila mchezaji akistaafu huondoka na hatua zake.

Idara za muziki za vyuo vikuu vyetu zifundishe vijana kuandika dansi, na zianze na Isukuti na doluka sasa hivi, wazee wakiwa bado wanaweza kusahihisha.