Marufuku ya kuondoa kucha za paka

Marufuku ya kuondoa kucha za paka ni sheria zinazokataza upasuaji huo pale usipohitajika kwa afya ya mnyama. Daktari haondoi kucha peke yake: hukata kifupa cha mwisho cha kila kidole, kwa kuwa ndipo kucha inapoota. Mara nyingi hufanyiwa miguu ya mbele tu, ili kunusuru makochi na mapazia.

Ulaya ilitangulia. Mkataba wa Ulaya wa 1987 kuhusu wanyama wa nyumbani uliutaja upasuaji huo waziwazi, pamoja na ukataji wa mikia na masikio.

Nchini Marekani ubishi ulianzia West Hollywood, California, mji uliopitisha katazo lake mwaka 2003. Chama cha madaktari wa mifugo cha jimbo kiliushtaki, kikashinda mwanzoni, kisha kikabwagwa kwenye rufaa mwaka 2007. New York likawa jimbo la kwanza kupiga marufuku, Julai 2019, kwa faini isiyozidi dola 1,000. Maryland likafuata 2022. Uvimbe au maambukizi kwenye kucha bado huruhusu kisu; kochi lililochanwa, hapana.