Kifyonza moshi cha jikoni katika nyumba za kuokoa nishati

Kifyonza moshi cha jikoni ni kifaa chenye feni kinachofungwa juu ya jiko ili kuvuta moshi, mvuke, harufu na matone madogo ya mafuta yanayotokana na upishi. Katika nyumba za kuokoa nishati, ambazo kuta, paa na madirisha yake yamezibwa yasivujishe hewa, kifaa hicho hupangwa pamoja na mfumo wa kubadilisha hewa wa nyumba nzima. Kisipopangwa vizuri kinaweza kupoteza joto, kushindwa kuvuta moshi, na hata kuhatarisha maisha ya wakazi.

Usuli

Mfano unaojulikana sana wa nyumba hizo ni Passivhaus, aina iliyoanzishwa na Wolfgang Feist wa Ujerumani na Bo Adamson wa Uswidi. Nyumba za kwanza zilijengwa Darmstadt, Ujerumani, na wakazi walihamia mwaka 1991. Kwa kawaida nyumba ya aina hii haitumii zaidi ya kilowati-saa 15 kwa mita ya mraba kwa mwaka kwa ajili ya kupasha joto. Inapopimwa kwa tofauti ya kanieneo ya paskali 50, hewa inayovuja kwa saa moja haipaswi kuzidi mara 0.6 ya ujazo wa nyumba.

Kwa kuwa hewa haipiti nyufani, mashine huleta hewa safi vyumbani na kuondoa hewa chafu jikoni, bafuni na chooni. Ndani ya mashine, hewa inayotoka huiachia joto lake hewa inayoingia bila ya kuchanganyika nayo.

Tatizo

Mfumo wa nyumba ya watu wanne hupitisha takriban mita za ujazo 120 za hewa kwa saa. Kifyonza moshi cha kawaida huweza kuvuta mita za ujazo 400 au zaidi. Hewa hiyo ikitupwa nje, lazima nyingine ya kiasi hichohicho iingie. Isipopata njia, kanieneo ndani ya nyumba hushuka, feni hupiga kelele bila ya kuvuta vizuri, na milango huwa migumu kufunguka.

Vilevile joto hupotea. Nje kukiwa na nyuzi 0 za Selsiasi na ndani 20, kupasha mita za ujazo 400 za hewa huhitaji takriban kilowati-saa 2.7.

Aina

* Kifyonza cha kutoa nje hupeleka hewa nje kwa bomba. Huondoa mvuke na gesi, lakini huhitaji tundu la kuingizia hewa, au dirisha lifunguliwe. Bomba lake huwekewa kifuniko kinachojifunga feni inapozimwa, ili baridi isiingie.
* Kifyonza cha kuzungusha huchuja mafuta kwa wavu wa chuma na harufu kwa mkaa maalumu, kisha huirudisha hewa jikoni. Hakipotezi joto, lakini hakiondoi mvuke. Mvuke huo huondolewa polepole na mfumo wa nyumba.

Kwa kawaida kifyonza hakiunganishwi moja kwa moja na mashine ya kubadilisha hewa, kwa sababu mafuta hugandamana ndani ya mabomba na kuweza kushika moto. Tundu la mfumo huwekwa mbali kidogo na jiko na kuwekewa kichujio cha mafuta.

Hatari

Hatari kubwa hutokea nyumba inapokuwa na meko ya kuni au kifaa cha gesi kinachotumia hewa ya chumbani. Kanieneo kikishuka, moshi wa dohani hugeuka na kurudi ndani pamoja na monoksidi ya kaboni, gesi yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Kwa sababu hiyo nchini Ujerumani mshuko wa kanieneo haupaswi kuzidi paskali 4 vifaa hivyo vinapotumika pamoja. Njia mojawapo ni swichi ya dirishani inayozuia feni kuwaka mpaka dirisha lifunguliwe.

Matumizi na matunzo

Jiko la umeme hupunguza tatizo, kwa kuwa halitoi gesi za mwako. Kufunika sufuria hupunguza mvuke. Wavu wa mafuta huoshwa mara kwa mara. Mkaa wa kawaida ukichoka hubadilishwa, la sivyo harufu hubaki nyumbani.