Mashine Inapokosa Mkalimani

Tumezoea kudhani kwamba mashine hufa inapoharibika. Historia ya kerneli ya Linux imenifundisha vinginevyo: prosesa yaweza kuwa nzima, ikahesabu sawasawa, nayo ikawa imekwisha kufa kwa sababu hakuna tena anayeitafsiria.

Kerneli ni kiini cha mfumo endeshi, sehemu inayogawa kumbukumbu na muda wa prosesa kwa programu nyingine zote. Ile ya Linux, tangu Linus Torvalds aianzishe mwaka 1991, imeandikwa hasa kwa lugha ya C, ambayo hakuna prosesa inayoielewa. Kati yao husimama kompaila, mkalimani anayegeuza maandishi hayo kuwa amri za kila jamii ya prosesa. Kwa miaka mingi mkalimani mkuu amekuwa GCC, kazi ya Richard Stallman iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1987.

Juni 2018 lilitoka toleo la 4.17 la Linux, na jamii nane za prosesa zikawa zimefutwa kwa mkupuo: Blackfin, CRIS, FR-V, M32R, Metag, MN10300, Score na Tile. Kadhaa kati yake zilibuniwa na makampuni makubwa ya Marekani na Japani. Asije mtu akadhani kwamba unyonge huu ulitokana na umaskini.

Kisa ninachokirejea mara nyingi ni cha Metag. Ilikuwa mali ya kampuni ya Uingereza, Imagination Technologies, na iliingizwa katika Linux mwaka 2013. Lakini kompaila yake haikupata kuingia katika GCC ya wote. Kampuni iliiweka pembeni, ikiwa nakala iliyochipuka kutoka toleo la 4.2.4 la mwaka 2008. GCC ya wote ikasonga mbele, kerneli ikasonga nayo, na nakala ile ikabaki palepale. Mwaka huohuo wa 2013 kampuni ilikuwa imekamilisha ununuzi wa MIPS, jamii nyingine ya prosesa, na macho yakaelekea huko. Mwishowe aliyeandika pendekezo la kuiondoa Metag alikuwa mtunzaji wake mwenyewe. Sioni hila wala chuki katika jambo hilo. Pengine ndiyo maana linanisumbua.

Itazame sasa jamii ya Motorola 68000, iliyozaliwa mwaka 1979 na kuwa moyo wa Macintosh ya kwanza na wa Amiga. Kibiashara ilizikwa zamani. Kisha wasimamizi wa GCC wakaamua kuondoa utaratibu wa kizamani uitwao cc0, uliokuwa ukitegemewa na jamii chache tu, na jamii ambayo isingebadilishwa ingeondoka pamoja nao. Uamuzi huo ulikuwa na haki yake, kwani wengi walikuwa wakibeba mzigo kwa ajili ya wachache. Hata hivyo wapenzi wa mashine hizo, watu wa kujitolea wasio na kampuni nyuma yao, walichanga fedha za kumlipa atakayeifanya kazi ya kubadilisha, na mwishoni mwa 2019 ikafanyika. Ndiyo maana jamii hiyo yenye umri unaozidi miaka 40 bado imo katika Linux, ilhali Metag, iliyo changa kwake, haimo. Ya kwanza ilikuwa na kompaila iliyo wazi, ambayo yeyote mwenye ujuzi angeweza kuifungua na kuirekebisha. Ya pili ilikuwa na mwenye mali, na mwenye mali aligeuza shauri.

Nimesoma hati kadhaa za zabuni za vifaa vya umma. Huuliza bei, dhamana, vipuri na mafunzo ya watumiaji. Sijaona hata moja inayouliza kompaila ya prosesa iliyomo ndani imehifadhiwa wapi, na nani ana ruhusa ya kuirekebisha muuzaji akishaondoka.