Twiga wa Malindi na Mwaka wa 1415

Ewe msomaji, ukitajiwa mwaka 1415, huenda ukakumbuka vita vya Agincourt, ambapo Mfalme Henry wa Tano wa Uingereza na wapiga mishale wake waliwashinda Wafaransa tarehe 25 Oktoba. Ni habari kubwa, lakini haikupita zote za mwaka ule. Hebu geuza uso uelekee mashariki.

Mwaka huo huo alifikishwa mbele ya Mfalme wa Uchina twiga aliyetoka Malindi. Mwaka uliotangulia alikuwa ameletwa mwingine kutoka Bengal, naye hapana shaka asili yake ni Afrika, maana Bara Hindi halina twiga. Wachina walimlinganisha na qilin, mnyama wa hadithi zao, ambaye kwa itikadi yao huonekana tu atawalapo mfalme mwema. Sasa, Mfalme Yongle alikuwa amempokonya mwana wa nduguye kiti cha enzi mwaka 1402. Fikiri mwenyewe jinsi ushahidi huo ulivyompendeza! Fikiri pia kazi ya mabaharia, kwani twiga hapakiwi kama gunia la mtama.

Mwenye kuongoza misafara ya Uchina alikuwa Zheng He, mzaliwa wa Yunnan, mtoto wa nyumba ya Kiislamu. Angali mdogo alitekwa na majeshi ya Ming, akafanywa towashi, akawekwa kumtumikia mwana wa mfalme, ndiye Yongle wa baadaye. Mateka huyo akawa jemadari wa merikebu nyingi, na tangu 1405 hata 1433 ilifanyika misafara saba. Katika ule wa tano, wa 1417 hata 1419, wajumbe wa nchi za mbali walirudishwa makwao, na merikebu za Uchina zikafika Mogadishu, Barawa na Malindi.

Huko Ulaya, Jan Hus alichomwa moto mjini Constance tarehe 6 Julai 1415, ingawa alikuwa ameahidiwa usalama wa safari. Na tarehe 21 Agosti Mfalme João wa Ureno alivuka mlango wa bahari akauteka Ceuta, mji wa Waislamu huko Moroko, kwa siku moja tu. Pamoja naye alikuwamo mwanawe Henry, kijana wa miaka 21, ambaye baadaye alituma merikebu, moja baada ya moja, zishuke pwani ya magharibi ya Afrika.

Yongle alikufa mwaka 1424. Baada ya 1433 Wachina hawakupeleka tena misafara ya namna ile. Fedha zilihitajika kwingine, na washauri wengi wa mfalme waliihesabu kuwa upotevu wa mali. Wareno hawakuacha. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498, hakuikuta bandarini hata merikebu moja ya Uchina. Alimkuta mfalme wa mji, adui wa Mombasa, aliyempa rubani wa kumvusha mpaka Calicut.