Nyumba Ipoayo na Nyumba Ipozwayo: Historia ya Ujenzi katika Vitongoji vya Dar es Salaam

Kiswahili kina vitenzi vitatu vya shina moja ambavyo mjenzi wa nyumba hana budi kuvitofautisha: kupoa, kupoza na kupozwa. Chai ikiachwa mezani hupoa yenyewe; mwenye haraka huipoza kwa kuimimina kutoka kikombe kimoja hadi kingine; na hapo chai huwa imepozwa. Nyumba nazo ni vivyo hivyo. Iko nyumba ipoayo kwa umbo lake, kwa kivuli chake na kwa jinsi inavyopokea upepo. Iko pia nyumba ipozwayo, ambayo umeme ukikatika usiku wa mwezi Februari hailaliki. Historia ya ujenzi katika Kinondoni na Temeke, tangu miaka ya 1950 hata leo, kwa sehemu kubwa ni historia ya kuondoka katika kitenzi cha kwanza na kuhamia katika kitenzi cha tatu.

Jambo hili limepata uzito mpya kwa sababu ya istilahi iliyotoka Ujerumani. Mwaka 1991 nyumba nne zilizounganishwa pamoja zilikamilika katika mtaa wa Kranichstein, mjini Darmstadt, kwa juhudi za mwanafizikia Wolfgang Feist, aliyekuwa ameishauriana fikra hiyo na Bo Adamson wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden. Zilijengwa kwa kuta nene zenye kuzuia joto lisitoke, madirisha ya vioo vitatu, na mfumo wa kubadili hewa uliorudisha ndani joto la hewa iliyokuwa ikitoka. Kipimo chake ni kwamba nyumba isitumie zaidi ya kilowati-saa 15 kwa kila mita mraba kwa mwaka kwa kazi ya kupasha joto. Wajerumani waliita aina hiyo Passivhaus. Baadaye kanuni zake zilipanuliwa hata kwa nchi za joto, na nishati ya kupozea nayo ikawekewa mpaka.

Mfasiri akilifuata neno hilo kwa kamusi ya sarufi, atasema nyumba ya kutendwa, na hapo atakuwa amepotosha maana. Kwa Kiswahili, nyumba itendwayo ni ile ya mtambo, maana ndiyo ipozwayo. Ile isiyohitaji mtambo haikutendwa neno, imepoa. Basi neno lililotoka Darmstadt likifika pwani hugeuka kichwa chini, na kugeuka huko kunafundisha jambo. Nyumba ya Ulaya ya baridi hufungwa isipitishe hewa ili ilinde joto. Nyumba ya pwani isiyo na mtambo hufunguliwa ili joto lipate pa kutokea. Lengo ni moja, yaani kuishi vema kwa nishati kidogo, lakini njia ni mbili, na ya pwani ilikwisha kujulikana zamani.

Majina ya sehemu za nyumba ya miti na udongo yanastahili kuzingatiwa, kwa maana ndani yake mna elimu. Nguzo zilisimamishwa, fito zikafungwa kwa kamba, na nafasi zilizobaki zikajazwa udongo na vijiwe, kazi iitwayo kutomea. Kisha ukuta ukakandikwa. Juu ya ukuta ulilazwa mti uitwao mtambaapanya, na juu yake yakakaa makombamoyo na makuti. Kati ya mti huo na makuti palibaki uwazi, na jina lenyewe lashuhudia: palipo njia ya panya pana njia ya upepo. Hewa ya moto ilipanda na kutoka, na hewa nyingine ikaingia mlangoni. Makuti yenyewe hayashiki joto kama chuma, na upenu wake ulishuka chini hata jua la mchana lisipige ukuta.

Umbo la nyumba nalo lilisaidia. Nyumba iliyoenea Dar es Salaam, iitwayo mpaka leo nyumba ya Kiswahili, kwa kawaida ilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi mrefu uliotoka mlango wa mbele hadi uwani. J. A. K. Leslie, aliyeuchunguza mji huu katika miaka ya 1950 na ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1963, aliikuta ndiyo nyumba ya watu wengi: mwenye nyumba akikaa katika baadhi ya vyumba na kupangisha vilivyobaki. Ukumbi ulikuwa njia ya watu na ya upepo pia. Jiko lilikuwa uwani, kwa hiyo joto la mapishi halikuingia chumbani. Mbele palikuwa na kibaraza kilichokinga ukuta wa mtaani, na watu walikaa hapo jioni kubarizi na kupunga upepo wakati vyumba vikipoa.

Nyumba hiyo haikupewa heshima na watawala. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1891 ziligawanya mji kwa aina ya majengo, na nyumba za miti na makuti zikawekwa mbali na upande wa bahari. Waingereza waliendeleza mgawanyo huo. Kariakoo ikajaa, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakazi wakaenea Ilala, Magomeni, Temeke na Kinondoni. Viwanja vilipimwa kwa mistari iliyonyooka, na nyumba ikaelekezwa barabarani, si kwa jua wala kwa upepo. Huo ulikuwa upungufu wa kwanza, nao ulitoka kwa mpimaji, haukutoka kwa fundi.

Ajabu ni kwamba katika miaka hiyohiyo wataalamu wa Uingereza walikuwa wakiandika habari za ujenzi wa nchi za joto na unyevu. Maxwell Fry na Jane Drew walitoa kitabu chao juu ya jambo hilo mwaka 1956. Yaliyosisitizwa na wasanifu wa nyakati hizo ni vivuli, upenu mpana, upepo upitao nyumba nzima, na kuta ndefu zisizotazama mashariki wala magharibi. Mambo mengi kati ya hayo fundi wa Temeke aliyafahamu, ila hakuyaandika.

Baada ya Uhuru, Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kubomoa nyumba mbovu, hasa Magomeni na sehemu nyingine za watu wengi, na kujenga mpya za saruji na bati. Nia ilikuwa njema, na faida ilionekana: nyumba ya saruji haishiki moto upesi, haibomolewi na mvua, wala haihitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Mwenye kusifu makuti asisahau moto, mchwa na uvujaji. Hata hivyo, katika mabadiliko hayo umbo la vyumba sita lilihifadhiwa, na utaratibu wa hewa haukuhifadhiwa. Bati lilikaa juu ya vyumba, mara nyingi bila dari, na uwazi wa mtambaapanya ukazibwa kwa tofali. Bati lililopigwa na jua la adhuhuri hurusha joto lake chini kwa aliye chumbani, na joto hilo likishaingia halina pa kutokea.

Mwaka 1977, alipokuwa akipima miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilaumu vikali uraibu wa saruji na bati, akawahimiza watu watumie matofali ya kuchoma na vigae. Lawama yake ilihusu zaidi gharama na kujitegemea, lakini ingeweza kuhusu joto pia. Haikusikilizwa sana, kwa kuwa bati lilikwisha kuwa alama ya maendeleo, na alama haishindwi upesi kwa hoja.

Wakati huohuo, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilipima viwanja vyenye huduma Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na kuboresha makazi yasiyopimwa ya Manzese, na baadaye Mtoni na Tandika. Mji ulikuwa ukikua kwa kasi: sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu 272,821, na ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Kila familia iliyopokea ndugu au mpangaji iliongeza kipenu nyuma, kisha chumba uwani, kisha kingine ubavuni, hata ukuta wa jirani ukafikiwa. Dirisha lililofunguka kwenye upepo likawa linatazama tofali. Hapa hakuna wa kulaumiwa kwa ujinga, maana chumba cha kupangisha ni riziki. Lakini kila chumba kilichoongezwa kilimnyima hewa mwenye nyumba na jirani yake pia.

Madirisha nayo yalibadilika. Yale ya mbao yaliyofunguka lote yalifuatwa na ya vipande vya kioo vilivyogeuzwa kwa pamoja, na siku hizi yameenea ya alumini yenye vioo vya kusukuma, ambayo hata yakifunguliwa huacha wazi nusu tu ya nafasi, na nusu hiyo nayo hufunikwa kwa wavu wa mbu. Basi panapokosekana upepo huletwa wa kununuliwa. Neno pangaboi lina historia yake katika jambo hili: sehemu ya kwanza hutokana na neno la Kihindi la upepeo, na ya pili na neno la Kiingereza la mtoto wa kiume, ambalo wakoloni walilitumia kumwita mtumishi hata akiwa mzee. Zamani lilikuwa jina la mtu aliyevuta kamba ya upepeo. Sasa ni jina la chombo. Kiyoyozi kilikuja baada yake, na mwenye mshahara mdogo hulazimika kuchagua kati ya umeme wa kupoza na matumizi mengine ya nyumbani.

Si lazima iwe hivyo, wala si lazima kurudi kwenye makuti. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya Ikweta. Jua la adhuhuri mwezi Juni huwa upande wa kaskazini, na mwezi Desemba upande wa kusini, na nyakati zote mbili huwa juu sana. Kwa hiyo upenu wa kiasi hutosha kuzikinga kuta za pande hizo. Jua la asubuhi na la jioni huwa chini, na upenu hauliwezi. Ukuta wa mashariki na wa magharibi hutaka uwe mfupi, au uwe na mti. Kaskazi na kusi nazo huzifikia vema kuta zilezile ndefu. Mwenye kiwanja Mbagala au Bunju akiyajua hayo kabla ya kuchimba msingi, hayatamgharimu ila fikra. Akiongeza dari, matundu ya hewa juu ya ukuta, rangi nyeupe juu ya bati na mwarobaini upande wa jua la jioni, gharama itakuwa ndogo kuliko ya mtambo. Matofali ya udongo na saruji yanayofungamana, yaliyoendelezwa na watafiti wa ujenzi wa serikali huko Mwenge, hupunguza saruji inayotumika.

Yabaki ya lugha. Wanaotunga istilahi za ujenzi wataombwa, mapema au baadaye, neno la nyumba ya namna hii. Wakichukua nyumba pasivu, watakuwa wamekopa sauti bila maana, na mjenzi wa Tandika atadhani ni kitu kigeni kinachoagizwa kwa meli. Wakisema nyumba ipoayo, au nyumba ya kujipoza, fundi atauliza mara moja: hupoa kwa nini? Jibu lipo tayari katika maneno yake mwenyewe: kwa upenu, kwa ukumbi, kwa uwani na kwa kibaraza. Baadhi ya maneno hayo bado yako midomoni mwa watu, na mengine, kama mtambaapanya, vijana wengi wa mjini hawayajui tena, kwa sababu kitu chenyewe kimezibwa. Kuyakusanya kutoka kwa mafundi wazee wa vitongojini ni kazi ya wanalugha, na wenye kujenga wataihitaji zaidi kuliko wenye kusoma.